Mjuzi wa Glasi

Kuna mabwana wa mjini ambao mvinyo mwekundu hawaunywi mpaka wauzungushe, waunuse, kisha wafumbe macho kama wanaombea maiti. Ukiwatajia wa Dodoma, wanakunja uso. Eti zabibu bora sharti zionje baridi ya Ufaransa! Za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, juani, bila kumwomba mtu ruhusa. Juzi nilimimina mvinyo wa Makutupora, hukohuko Dodoma, wa bei yangu, kwenye jagi, nikamwekea mmoja wao pamoja na mbuzi choma, ndimu na kachumbari. Akasifia harufu ya pipa la mwaloni. Jagi lenyewe, jamani, la plastiki. Akaomba aongezewe mara tatu. Chupa sijamwonyesha, na wewe usimwambie.