Kilo 68 za Shujaa

Kitabu cha sheria za mchezo wa Dungeons & Dragons, toleo la 2014, kinamruhusu mhusika mwenye nguvu 10, yaani mtu wa kawaida tu, kubeba pauni 150. Hizo ni kama kilo 68. Anapigana nazo, anaruka nazo, na mezani hakuna anayeuliza mzigo wote umekaa wapi.

Wapagazi wa misafara ya pembe za ndovu, karne ya 19, walipimiwa kwa frasila, takriban pauni 35. Frasila mbili zilitosha kumkunja shingo mwanamume mzima. Kuruka? Thubutu!

Kule kijijini, mama mwenye ndoo ya lita 20 kichwani, mtoto mgongoni na jembe mkononi, kwa hesabu za kitabu hicho bado ana nafasi ya ngao na upanga.