Ukiziba Ufa, Utaendesha Tangi

Londiani ina wataalamu wa fani mbili: viazi na kutu. Wa viazi wanajua wanachosema. Wa kutu wengi hawajawahi kumiliki gari, lakini hilo halijawazuia kufanya kazi. Egesha gari kuukuu popote karibu na soko, na kabla hujafunga mlango atatokea mzee mwenye koti zito, mikono ameifunga nyuma. Atalizunguka gari polepole, atainama, atabonyeza madigadi kwa kidole gumba, kisha atatoa hukumu: “Hii imeanza.” Hasemi ni nini kimeanza, nawe huulizi.

Langu ni Peugeot 504, ile ndefu yenye safu tatu za viti. Niliachiwa na baba mdogo, ambaye miaka ya themanini alibebea abiria kati ya Kericho na Nakuru, zama ambazo kupanda Pijo kulikuwa ndiko kusafiri. Ulibanwa mabega, ukapumuliwa shingoni, ukafika mapema, na kijiji kizima kikajua umefika kwa Pijo. Tena ni gari la ukoo bora. Mwaka 1975, 504 ilishinda Safari Rally ikiendeshwa na Ove Andersson wa Sweden, na mwaka 1978 ikashinda tena mikononi mwa Mfaransa Jean-Pierre Nicolas. Ufaransa ilipoacha kuunda saluni za 504 mwaka 1983, Kenya ilijifanya haikusikia. Hapa 504 ziliendelea kuunganishwa hadi miaka ya 2000.

Injini yake haina neno. Asubuhi ya baridi inakohoa kidogo, inakumbuka Safari Rally, inawaka. Bodi ndiyo kilio.

Londiani iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, katikati ya misitu na mashamba ya viazi. Ukungu huingia alfajiri bila hodi na siku nyingine hukaa mpaka chai ya saa nne. Mvua ya Kericho nayo haina msimu, ina mapumziko tu. Sasa chuma kikikutana na maji na hewa, hakuna wa kuwaachanisha: watazaa kutu. Na kutu ina tabia mbaya ya kuhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana rangi hufura kama mandazi kabla ya kupasuka. Kile kitone cha rangi ya kahawia unachokiona juu ya mlango si mwanzo wa safari. Mara nyingi kutu ilianzia upande wa ndani, ikala ikashiba, na sasa inatokea nje kukusalimia.

Wazee hupenda kunikumbusha kwamba reli ilipita hapa na kufika Kisumu mwaka 1901, na kwamba mvua hiyo hiyo haikuimaliza. “Wazungu wa zamani walileta chuma,” huniambia, “wa kwako walileta karatasi.” Wana hoja. Bati la mlango wa gari halifiki unene wa milimita 1, wakati reli ni kipande kinene ambacho kutu hukitafuna kwa miongo bila kuona upande wa pili. Kisha kuna aibu ya Fort Ternan. Huko, bondeni upande wa Muhoroni, ndiko Louis Leakey alikopata mwaka 1961 mabaki ya taya la Kenyapithecus, kiumbe aliyeishi karibu miaka milioni 14 iliyopita. Taya lile lilitoka ardhini na meno yake. Madigadi yangu yamekaa juu ya ardhi, chini ya mwavuli wa mabati, na hayana jino.

Lakini haki itendeke: si mvua peke yake iliyolimaliza gari hili. Baba mdogo alipostaafu barabara, Pijo ilistaafia shambani. Buti likabeba mbolea, DAP msimu wa kupanda, CAN mahindi yakifika magotini, na siku zilizobaki likabeba maziwa kwenda kwa wanunuzi. Mbolea ni chumvi. Chembe zake zikimwagika kwenye pembe za buti hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu wenye chumvi hula chuma kwa kasi ambayo maji ya mvua matupu hayaiwezi. Wenye magari ya Mombasa wanaumwa na chumvi ya bahari. Mimi, kilomita mamia kutoka baharini, niliagiziwa yangu kwa gunia. Ng’ombe wetu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuligundua jambo hili: kila akipata nafasi alikuwa anakuja kulamba bampa ya nyuma kwa mapenzi ya dhati. Tulidhani ni upendo wa gari. Alikuwa anajitafutia madini.

Aliyefurahia masaibu yangu kuliko wote ni jirani mwenye Land Rover ya zamani. Land Rover ilipoanza kuuzwa mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini. Alumini nayo hushambuliwa na hewa, lakini utando wake wa juu hung’ang’ania mahali pake na kukinga kilicho chini. Kutu haina adabu hiyo. Inabanduka na kuipisha mvua iendelee na kazi. Jirani hakuyajua haya ya utando. Alichojua ni kugonga mlango wake kwa kiganja na kusema, “Mwalimu, hii haiozi mpaka Yesu arudi.” Siku moja tulichungulia chini ya gari lake kutafuta paka. Chesi ya Land Rover ni ya chuma. Paka alikuwa amekaa ndani ya chesi. Tangu siku hiyo tunasalimiana kwa unyenyekevu.

Dawa ya kwanza ililetwa na mzee aliyestaafu kutoka kiwanda cha majani ya chai. Alisema kutu ni mchezo mdogo: chemsha majani mengi, bila sukari, bila maziwa, ipoe, paka. Usicheke. Chai ina tanini, na tanini ikikutana na kutu huigeuza kuwa kitu cheusi chenye samawati kisichokuwa na haraka ya kuendelea kuoza. Zile chupa za dawa ya kutu zinazouzwa madukani kwa bei ya mbuzi, nyingi zina asidi ya tanini au asidi ya fosfori. Miti ya miwati iliyojaa kwenye nyanda hizi za juu ililetwa kwa ajili ya magome yake, na kilichotafutwa kwenye magome ni tanini ya kulainishia ngozi. Kwa hiyo mzee alikuwa na sayansi mfukoni bila kujua.

Tukapika chai. Tukapika chai ambayo nyumba ya harusi ingeiogopa. Mke wangu alisimama mlangoni akiangalia pakiti za mwezi mzima zikiingia kwenye karai, akauliza kwa upole, “Na mkate wake utaupaka blubendi lini?” Nikapaka. Na kweli, mbele ya macho ya mashahidi, kutu ikaanza kuwa nyeusi. Watu wakashangilia. Mzee akainua kofia. Usiku ikanyesha, asubuhi mlango ulikuwa na michirizi kutoka dirishani mpaka chini, na Pijo ikaonekana imelia usiku kucha. Maana tanini ya birika ni hafifu, na hata ile ya dukani inataka kutu iliyolegea isuguliwe kwanza, kisha ifunikwe kwa rangi siku hiyo hiyo. Dawa bila kifuniko ni chai tu.

Ndipo akaja fundi wa bodi. Alikuwa kijana mchangamfu mwenye grainda, kopo kubwa la fila na methali. Alilitazama gari, akatikisa kichwa, akasema, “Mwalimu, usipoziba ufa utajenga ukuta.” Nani anaweza kumkatalia mtu aliyeanza kwa methali? Akasugua kidogo pale kutu ilipoonekana, akapaka fila, akapiga msasa, akapaka fila tena juu ya fila. Alipofika chini ya milango akakuta vitundu vidogo ukingoni. Akaniita kwa furaha ya mvumbuzi. “Unaona? Hapa ndipo maji huingilia.” Akaviziba vyote kwa ukarimu, na vya vizingiti vya chini akaviziba pia, hakutoza nyongeza. Kisha akapuliza rangi. Jioni ile gari lilikuwa linang’aa kiasi kwamba yule mzee wa kidole gumba alilizunguka mara ya pili akitafuta pa kubonyeza, akaondoka amenuna.

Lakini wahandisi wa Peugeot hawakutoboa milango kwa uzembe. Kila gari lenye kioo cha kushuka huingiza maji mlangoni: mvua huteremka na kioo, hupita kwenye mpira, hutua chini ndani ya mlango. Vile vitundu vipo ili yatoke. Sasa yalikuwa yanaingia kama kawaida na hayana pa kwenda.

Mvua za Aprili zilipokolea, gari lilianza kuongea. Nikikata kona ya kwenda Kedowa, mlango wa kushoto ulisema kitu. Nikipiga breki, wa kulia ulijibu. Abiria wangu, shangazi aliyekuwa anakwenda hospitali Kericho, alisikiliza kwa makini kisha akaniuliza kama nimebeba maziwa ya mursik mlangoni. Kabla sijajibu tukafika kizuizi cha polisi.

Afisa aliweka mkono juu ya mlango akiomba leseni. Akausukuma kidogo. Mlango ukasema *chwaa*. Akausukuma tena, uso wake ukabadilika na kuwa wa kazi. “Umebeba nini humu?” Nikasema ni maji. “Maji ya nini?” Ya mvua, afande. Akacheka kicheko cha mtu aliyewahi kudanganywa na waliobobea. Katika nchi hii pombe haramu imesafirishwa ndani ya vitu vingi, na mlango wa Pijo ya zamani unaolia *chwaa* hauhitaji kikosi cha upelelezi. Shangazi alianza kusali kwa sauti, jambo ambalo halikutusaidia.

Akaomba bisibisi. Akaikita ukingoni mwa mlango, kwenye fila mbichi ya fundi wangu, na kizibo kikaruka. Maji mekundu yalitoka kwa nguvu, yakajaa kwenye buti zake nyeusi zilizopigwa rangi asubuhi ile. Akayanusa. Akachovya kidole. Tulisubiri, shangazi, mimi na foleni ya lori za mbao. Mwishowe alinyooka, akabonyeza mlango kwa kidole gumba na kusema, “Hii imeanza.” Akaniruhusu niende, ila baada ya kunipa ushauri mrefu kuhusu kuzuia kutu kwa oili chafu.

Kama bado nilikuwa na imani na ile rangi, ilimalizwa na mgeni kutoka Nairobi. Siku hizi Pijo kuukuu zinatafutwa na watu wenye pesa na muda. Wengine huota kuzipeleka Concours d’Elegance, maonyesho ya magari yaliyoanza Nairobi mwaka 1970. Mgeni hakuja na mwanasheria wala fundi. Alikuja na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Aliiweka kwenye boneti, ikashika. Kwenye paa, ikashika. Kwenye madigadi ya mbele, ikateleza ikaanguka majanini. Akaiokota, akajaribu mlango, ikaanguka. Kizingiti, ikaanguka. Sumaku hushika chuma, na pale hapakuwa na chuma cha kushika, palikuwa na fila iliyopakwa rangi. Mgeni aliifuta sumaku, akasema kwa heshima zote, “Mwalimu, una gari zuri la udongo,” akanywa chai akaondoka. Methali ya fundi ilikuwa nzuri, lakini iliyohusika ilikuwa nyingine: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kazi ya kweli ilifanywa na mchomeleaji mmoja mzee asiyekuwa na methali hata moja. Aliondoa fila yote, na baada ya hapo ungeweza kusoma gazeti kupitia mlangoni. Alikata bati bovu mpaka akafikia chuma kinachong’aa, akachomelea bati jipya, akasugua viungo kwa brashi ya waya. Akapaka praima yenye zinki, kwa sababu zinki huliwa kabla ya chuma na hulinda hata rangi ikikwaruzwa. Fila aliitumia mwishoni, utando mwembamba wa kusawazisha, kisha rangi. Vitundu alivifungua vyote kwa msumari, akanyunyizia mafuta mazito ndani ya milango na vizingiti. Alitoza pesa nyingi kuliko yule kijana, na kazi ilipoisha haikung’aa sana. Nilimwuliza kama kutu itarudi. Akanijibu: “Ukiegesha Londiani, itarudi. Ila itabidi itafute njia nyingine.”

Basi msomaji, ukienda kununua gari la miaka hiyo, weka sumaku mfukoni kabla ya pesa. Usifunike kutu, ikate. Ukibeba mbolea, osha buti jioni hiyo hiyo. Kabla ya mvua ndefu, piga magoti na uhakikishe kila kitundu cha chini ya mlango kinapitisha maji. Na fundi akikwambia atakuzibia vitundu hivyo bure, mlipe asizibe.