Muulize Shangazi: Treni ya Kwenda Kwenye Siagi

*Shangazi, shikamoo. Nimemwahidi mchumba wangu matembezi ya siku moja: asubuhi tupande treni, tushuke kijijini, tutembee kwa miguu hadi shamba wanakotengeneza siagi na jibini, jioni turudi. Nimewaona Waswisi kwenye simu wakifanya hivyo. Treni ya Sumbawanga inaondoka saa ngapi? — Mpenda Malai, Chanji*

Marahaba, mwanangu. Haiondoki, kwa sababu haijawahi kufika. Reli ya TAZARA, iliyojengwa miaka ya 1970 hadi 1975, imekwenda zake kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikapita Mbeya na Tunduma bila hata kutupungia mkono. Kaskazini nako tawi la Reli ya Kati limeishia Mpanda. Sisi Ufipa tuko katikati, na kila upande ni basi la kilomita zaidi ya 200 kabla hujasikia honi ya treni.

Kule Gruyères, Uswisi, kiwanda cha jibini kinatazamana na stesheni, ukishuka umefika. Wewe ukishikilia reli, panda basi hadi Tunduma, ngoja treni ya abiria (haipiti kila siku, nenda na blanketi), shuka Makambako, kisha basi tena hadi Njombe, wanakotengeneza jibini la namna ya Kitaliano. Siku moja haitatosha, na huyo binti ana wazazi.

Lakini kwani ng'ombe wamekosekana hapa? Jumamosi tokeni kwa miguu mwelekeo wa Malonje, kwa mfugaji mliyeongea naye mapema. Msimwingilie zizini kama watalii. Salamu kwanza, na salamu za Kifipa hazina haraka. Nunueni maziwa kwake. Ng'ombe wa kienyeji hutoa kidogo, ila maziwa yake yana mafuta karibu asilimia 5, zaidi ya yale ya ng'ombe wa kisasa mwenye mabaka meusi na meupe. Mji wetu uko kwenye kimo cha meta 1,800 hivi, na Juni na Julai tunaamka na makoti. Hiyo baridi mnayoilalamikia ndiyo jokofu lenu: mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo maziwa yakilazwa usiku mahali pa baridi, malai hupanda juu yenyewe.

Asubuhi yaengueni, yapasheni moto vizuri kuua vijidudu vya brusela, yapoozeni hadi nyuzi 12 au 15, ndipo myasuke kwenye kibuyu. Yakiwa na joto siagi italegea. Yakiwa baridi mno mtasuka mpaka mgombane. Lita 20 za maziwa huzaa kama kilo moja ya siagi, kwa hiyo usiwaalike marafiki. Mkikosea mkatoa donge lililolegea, liyeyusheni liwe samli, na mseme ndivyo mlivyokusudia.

*Shangazi, mchumba wangu anataka kunipeleka kula jibini. Maziwa yananivuruga tumbo, naogopa kumwambia. — Binti wa Majengo*

Mwambie leo, maana nina sababu ya kuamini kwamba ameshaanza kutafuta kibuyu. Kinachokusumbua ni sukari ya maziwa, na watu wazima wengi wa Afrika wako kama wewe. Samli karibu haina sukari hiyo, siagi ina chembe tu, na jibini gumu lililokaa miezi halina shida. Mtindi onja kidogo kidogo. Kikombe cha maziwa ukipewa, kipokee kwa mikono miwili, kisha umpe yeye.

*Shangazi, maziwa ninayonunua hayatoi malai hata nikiyalaza siku mbili. Jirani anasema nimerogwa. — Mwenye Hofu, Katandala*

Tatizo la mji huu ni sifa yake. Nchi nzima inatutania kwa uchawi, na sasa hata dumu lililotiwa maji limepata wa kusingiziwa! Maziwa halisi ni mazito kuliko maji: laktomita, kile kipimo cha uzito wa maziwa, ikielea inasoma kati ya 28 na 32. Ikizama ikasoma chini ya hapo, maji yameingia, ingawa na anayeengua malai kabla ya kukuuzia anaweza kuyatia maji kidogo kipimo kikakaa sawa. Kwa hiyo badili muuzaji, na maziwa yakamuliwe mbele yako. Laktomita yenyewe kanunue: ni rahisi kuliko mganga, na haidai kuku mweusi.