Jinsi ya Kuitia Kompyuta Ndani ya Garimoshi

Hatua ya kwanza ni kupiga marufuku joka. Ukishampiga marufuku, mfuatishe fuvu, mbwa mwitu na moto wa rangi ya bluu. Kwenye mashindano ya makasha ya kompyuta hawakosekani: wamebandikwa kwenye kioo cha ubavuni, taa za rangi saba zinawazunguka, na mwenye kasha anasimama pembeni akieleza kwamba hiyo ndiyo mada yake. Hiyo ni stika. Kasha lina mada pale mtu anapoweza kunyooshea kidole feni, bomba au skrubu yoyote akauliza, "Na hiki kinafanya nini humu?", akapewa majibu mawili, moja la kompyuta na jingine la kitu kinachoigwa, na yote mawili yakawa kweli.

Hatua ya pili ni kuchagua kitu ambacho tayari kinaishi na moto, maji na hewa, kwa sababu kompyuta nayo inaishi na hivyo hivyo. Mimi nakupa garimoshi, tena si garimoshi lolote. Nakupa Garratt daraja la 59 la East African Railways. Yalijengwa 34 na kiwanda cha Beyer, Peacock mjini Manchester mwaka 1955 na 1956, yakaletwa kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, na kila moja likapewa jina la mlima. Mawili yako hadi leo kwenye Makumbusho ya Reli, Nairobi: namba 5918, Mount Gelai, na namba 5930, Mount Shengena. Milima yote miwili iko Tanzania, kwa hiyo ndugu zangu wa huko mna haki ya kwenda kuyakagua kama mali ya ukoo.

Nenda na tepu, daftari na simu yenye chaji. Piga picha nyingi zaidi chini ya tumbo la garimoshi kuliko unavyopiga ubavuni, maana siri yote iko chini. Garimoshi la kawaida hubeba boila juu ya magurudumu, na magurudumu hayo yanalibana: haliwezi kunenepa, na tanuri lake haliwezi kushuka. Herbert William Garratt, Mwingereza aliyeomba hataza ya mpango huu mwaka 1907, aliondoa magurudumu chini ya boila. Aliweka injini moja mbele, nyingine nyuma, akalining'iniza boila katikati kwenye fremu yenye egemeo kila upande. Boila likapata nafasi ya kunenepa, tanuri likapata upana na kina, na hewa ikaingia kutoka chini bila kizuizi. Mtu yeyote aliyewahi kuhangaika na kompyuta inayochemka akisoma sentensi hiyo ya mwisho anapaswa kusimama na kupiga makofi.

Sasa gawa kazi. Boila la katikati ndiko kunakozaliwa joto, kwa hiyo humo unaingia ubao mama, prosesa na kadi ya grafiki. Tangi la mbele ni la maji, na litabaki kuwa la maji: hifadhi ya maji ya kupozea, pampu, na rejeta chini yake. Tangi la nyuma lilibeba mafuta mazito yaliyolisha tanuri. Humo weka pawasaplai, inayolisha kila kitu. Hujabuni chochote mpaka hapa. Mafundi wa Manchester walikuchorea ramani ya kompyuta yako kabla wazazi wako hawajaonana.

Kisha vipimo, na hapa nakuomba usiruke mstari. Boila la daraja la 59 lina kipenyo cha futi 7 na inchi 6, karibu mita 2.29. Ubao mama wa aina ya Mini-ITX, ambao kampuni ya VIA iliutangaza mwaka 2001, ni mraba wa milimita 170. Ukilipunguza garimoshi mara 12, boila linabaki na kipenyo cha milimita 190 hivi. Ulaze ubao mama katikati ya duara uligawe boila nusu ya juu na nusu ya chini, nao unaingia ukibakiza milimita 10 kila upande. Kwenye kingo zake, kutoka ubao hadi mviringo wa bati, pana zaidi ya milimita 40, na kadiri unavyosogea katikati nafasi inaongezeka hadi kukaribia 95. Sahani ya kupozea prosesa kwa maji inatosha pale na kubakiza. Chini ya ubao, laza kadi ya grafiki kwa kebo ya kurefushia, mgongo wake ukitazama ubao na feni zake zikitazama ardhi. Nimeshaona watu wakinunua ubao mkubwa wa ATX kwa sababu ulikuwa na bei nzuri, kisha wakanenepesha boila liutoshe, garimoshi likawa pipa la lami lenye magurudumu. Sehemu za ndani zifuate mada. Ukikubali mada ifuate sehemu, rudi kwenye joka lako.

Kuna tatizo moja, nalo nimelificha hadi hapa ili usikimbie. Garimoshi lenyewe linapita mita 30. Ukigawa kwa 12 unapata kitu kinachozidi mita mbili na nusu, kirefu kuliko kitanda chako, na hakuna kona ya ngazi utakayopita nacho. Washauri watakwambia fupisha. Punguza gurudumu hapa, kata tangi pale. Kataa. Mpangilio wa magurudumu wa daraja la 59 ni 4-8-2+2-8-4, na mpenzi wa reli huyahesabu kabla hajakusalimu. Lijenge lote, kwa sababu Garratt ni vipande vitatu vilivyounganishwa kwenye maegemeo mawili, na kila kipande chako hakitafika mita moja. Maegemeo hayo ndiyo yatakayokuokoa: waya za umeme zipite pale kwa viungio vya kuchomoa, na mabomba ya maji yawe ya mpira laini, yenye viunganishi vya haraka vinavyojifunga vyenyewe unapovitenganisha. Garratt halisi nazo zilihitaji viungo vinavyonyumbuka ili mvuke uvuke kutoka boila kwenda kwenye injini. Jibu la kompyuta, jibu la garimoshi.

Kuhusu hewa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo makasha mazuri yanapokufa. Kwenye garimoshi la mvuke, mvuke uliokwisha kazi hupulizwa juu kupitia dohani, nao unaondoka na moshi. Kwa kuondoka hivyo unavuta hewa mpya kupitia tanurini, nyuma kabisa, ipite ndani ya mirija ya boila. Hewa inaingia nyuma kwa chini, inatoka mbele. Fuata njia hiyo hiyo. Weka feni ya milimita 120 nyuma ya mlango wa mviringo ulio mbele ya boila, ivute kutoka upande wa tanuri, na tanuri ulitoboe chini utakavyo, kwani Garratt chini ya tumbo ni wazi na hakuna jaji atakayesema umeharibu sura. Ziba matundu hayo kwa wavu mwembamba, la sivyo vumbi litafanya makazi humo.

Lakini usiitegemee dohani peke yake. Duara la feni hiyo lina eneo la sentimita za mraba 113 hivi. Dohani ya milimita 50 ina sentimita za mraba 20 tu. Ukilazimisha hewa yote ipite hapo, feni itapiga mluzi na prosesa, ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, itaanza kujipunguzia kasi yenyewe. Acha dohani itoe kidogo kwa ajili ya heshima, na nyingi itoke kwenye mkato mpana uliofichwa chini ya sehemu ya mbele ya boila.

Maji. Rejeta ya milimita 240 ilazwe chini ya tangi la mbele, feni mbili zikipuliza kuelekea chini, kati ya magurudumu. Kagua metali kabla ya kulipa: kama sahani ya prosesa ni ya shaba, rejeta nayo iwe ya shaba. Ukichanganya shaba na alumini kwenye maji mamoja, alumini italiwa polepole, na maji yenyewe yataanza kukuletea matope. Ukishafunga kila kitu, washa pampu peke yake, zungushia viungo karatasi za tishu, uache usiku kucha. Karatasi ikikutwa kavu asubuhi, endelea. Ikikutwa imelowa, furahi kwamba ubao mama haukuwa na umeme.

Pawasaplai inunue ya aina ya SFX, milimita 125 kwa 100 kwa 63.5, inayoingia kwenye tangi la nyuma bila ugomvi. Neno moja kali hapa: usiivue ganda ili itoshe. Kapasita za ndani hushika chaji hata baada ya kuchomoa plagi, na kifo hakijui kwamba ulikuwa unashindania kombe. Kasha lote ni bati, kwa hiyo unganisha vipande vyote vitatu kwa waya wa ardhi, kila kimoja, na utumie plagi ya pini tatu kwenye soketi iliyofungwa ardhi kweli.

Bati lipeleke kwa mafundi. Kama uko Nairobi, pale Kamukunji kuna watu wanaokunja bati tangu alfajiri, na mviringo wa milimita 190 kwao ni kazi ya kabla ya chai. Dar es Salaam, anza kuuliza Gerezani. Mpelekee fundi mchoro wenye vipimo, na mfano wa karatasi ngumu uliokunjwa tayari. Kwa maneno matupu utarudi nyumbani na jiko zuri. Ribiti weka za kweli, ndogo, zifuate mistari uliyoipiga picha makumbusho. Vichwa vya ribiti vya kugandisha kwa gundi huonekana, na majaji wa mashindano haya ni watu wanaoinama na tochi.

Wengine watapenda mbao, na siwakatazi. Jeffrey Stephenson wa Marekani amejijengea jina kwa kompyuta za mbao zenye sura ya redio za zamani, vinia imelala vizuri kiasi kwamba unatafuta kitufe cha kubadili stesheni. Kazi zake zinathibitisha ninalosema: redio ile ilikuwa na uso wa kutolea sauti na mgongo wa kupumulia, na kompyuta iliyomo inapumua kwa heshima ile ile.

Rangi ya garimoshi hili ni damu ya mzee. Usafishe bati mafuta, upige andakoti, msasa namba 400, kisha 600, halafu rangi kwa mikono myepesi mingi, kila mkono ukauke. Mwisho vanishi, na msasa wa maji kuanzia 1000 hadi 2000 kabla ya kung'arisha. Walioko pwani wasipulize vanishi jioni yenye unyevu. Itapauka na kuwa na ukungu mweupe, na utalazimika kuikwangua. Ngoja jua lipande na hewa ikauke.

Taa ni mbili tu: chungwa ndani ya tanuri, ambayo unaweza kuifanya izidi kuwaka joto la prosesa linapopanda, na nyeupe ya mbele. Kagua soketi ya taa: utepe wa taa wa volti 5 ukichomekwa kwenye volti 12 utawaka mara moja tu maishani mwake.

Piga picha kila hatua, tangu karatasi ngumu hadi vanishi. Mashindano mengine hukuhukumu kwa picha kabla ya mtu yeyote kugusa kasha, na picha za ujenzi ndizo ushahidi kwamba mkono ni wako. Ujue pia darasa lako. Deutsche Casemod Meisterschaft, ubingwa wa Ujerumani uliokuwa ukifanyika kwenye maonyesho ya gamescom mjini Cologne, ulitenga waliobadilisha kasha la dukani na waliojenga lao kutoka mwanzo. Case Mod World Series ya Cooler Master nayo ilikuwa na mgawanyo wa namna hiyo. Garimoshi letu ni la kundi la pili, pamoja na watu wenye mashine za kukata kwa leza na karakana zenye joto wakati wa baridi. Usiwaogope. Wengi wao hawajawahi kusimama chini ya Garratt.

Kama litasafiri, litenganishe kwenye maegemeo, mwaga maji yote, na kadi ya grafiki uichomoe uifunge peke yake, maana uzito wake huvunja soketi barabarani. Masanduku yawe matatu, kila moja na karatasi ndani ya kifuniko inayoonyesha bomba lipi linaingia wapi na waya upi unaenda wapi, iliyoandikwa wazi kiasi kwamba mgeni aliyeajiriwa kupanga meza za maonyesho anaweza kuliunganisha na kuliwasha wewe ukiwa bado unasubiri viza.