Sinia la Wakwe

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anaunda ndege uani kwetu Kamembe. Mume wangu hulisema hilo kama mtu anayekuarifu kwamba ndugu yake anafuga kuku. Bawa moja limo bandani pamoja na kuni. Mkia umelala chini ya mparachichi. RwandAir ikipita juu ya paa kwenda kutua, shemeji huacha chakula akatoka nje kuutazama mkia wake, si ndege.

Wakati wa kisa hiki alikuwa amefikia vibapa. Kwenye ukingo wa nyuma wa elevata, yaani lile bapa la mkia linaloinua na kushusha pua ya ndege, hufungwa kibapa, kipande kidogo chenye bawaba yake. Kipande kikishuka, upepo hukisukuma juu, nacho huiinua elevata nzima. Pua ikabaki juu bila rubani kuvuta usukani njia nzima hadi mkono ufe ganzi. Ni ubunifu wa Mjerumani Anton Flettner, yuleyule ambaye meli yake isiyo na tanga, yenye minara inayozunguka, ilivuka Atlantiki mwaka 1926. Jina hilo nimelisikia mezani kwangu mara nyingi kuliko ya wajomba zangu.

Ndipo wakwe wakaja kutoka Kigali kumposa wifi yangu. Walikuja kwa ndege, kukwepa kona za barabara ya msitu wa Nyungwe. Nimekaanga sambaza za Ziwa Kivu, ndizi zimeiva, mama mkwe anaagiza sinia kubwa la alumini. Halipo. Nikafungua kabati nitafute jingine, mlango ukaniangukia mikononi: bawaba yake ndefu imeng'olewa, skrubu zimewekwa vizuri kikombeni. Huo utaratibu ndio ulionichefua zaidi.

"Shemeji, sinia liko wapi?"

"Lipo mkiani, shemeji. Nusu yake. Kule hakutaki bati zito."

Wakwe walipakuliwa kwenye beseni jipya la kufulia. Mama mkwe, bila kupepesa jicho, akawaambia ndiyo desturi ya huku Rusizi. Wakaamini, wakala.

Mzee mmoja wao, seremala mstaafu, akaomba kuiona ndege. Akakishika kibapa kwa vidole viwili, akakitikisa. Kwa-kwa-kwa.

"Kijana," akasema, "bawaba hii hata kabati lilikuwa haliitaki."

Shemeji akanyamaza. Usiku, akizitoboa ribiti moja moja, alinieleza sababu: kibapa kinacholegea, ndege ikishika kasi, huanza kutetemeka, na mtetemo huo unaweza kuuvunja mkia kabla rubani hajajua kinachomtokea. Alikuwa ameyasoma yote hayo kabla ya kugusa kabati langu.

Mahari ilikubaliwa. Bawaba imerudi mahali pake. Sinia limerudi nusu, na matundu ukingoni. Sasa anaulizia fimbo za mapazia ya sebuleni, eti zina unene unaofaa kusukumia kibapa kipya.