Yah: Ombi la Kuahirisha Vyura Hadi Mradi Ukamilike

Kwa Waheshimiwa mnaopitisha miradi mikubwa ya nchi,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kuwapongeza kwa busara ya kuwaita wanabiolojia baada ya tingatinga. Watu hawa wakitangulia hawakosi kuona kitu. Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, tathmini ya awali ilipita salama na ujenzi ukaanza. Mwaka 1996 ndipo watafiti wakamkuta korongoni, kwenye manyunyu ya maporomoko, chura wa rangi ya dhahabu asiyefika sentimita 3, anayezaa badala ya kutaga mayai, asiyepatikana kwingine kokote duniani. Makazi yake yote ni kama hekta 2. Kosa ni lake. Miaka yote hiyo alishindwa nini kujiandikisha kama mdau?

Mwaka 2000 maji yakageuzwa kwenda kwenye mitambo ya megawati 180. Umeme tuliuhitaji, sibishi. Vyura 499 wakapandishwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York; waliobaki wakafungiwa mabomba ya kuwanyunyizia maji, yaani tukayafunga manyunyu ya bure, tukanunua ya dukani. Mwaka 2003 wakafa kwa wingi. Kuvu inayoua vyura ikatajwa nayo, tukapata pa kusukumia lawama. Mwaka 2009 akatangazwa ametoweka porini, na mwaka 2012 vizazi vya waliokwenda Marekani vikarudishwa korongoni. Gharama ya safari zote hizo msiilinganishe na ya watafiti kupiga kambi misimu miwili kabla ya jiwe la msingi. Hesabu ya namna hiyo huvuruga ratiba.

Nafahamu kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ifanyike kabla mradi haujaanza wala kupewa fedha. Bahati njema haikusema kabla haujatangazwa jukwaani. Mkishautangaza, nani atathubutu kuandika "hapana"? Tena mshauri mwelekezi analipwa na mwenye mradi. Mpelekeni kiangazi, kwa wiki mbili: vyura wamejichimbia, maua hayajachanua, ndege wahamaji wako Ulaya. Ataandika kwa uaminifu kabisa kwamba hakuona kitu, na hata kiapo atakula.

Naomba sasa mtunge kanuni. Kiumbe yeyote asiyejulikana na sayansi ajisalimishe kwa mtendaji wa kijiji ndani ya siku 30 tangu tangazo kubandikwa, akiwa na picha mbili za pasipoti na barua ya mwenyekiti wa kitongoji. Atakayegunduliwa baada ya hapo ahesabiwe mvamizi wa eneo la mradi, awekewe alama ya X, na asidai fidia.

Ndimi mtiifu,
Mlipa bili ya umeme

Nakala: Mtendaji wa Kijiji, aibandike ubaoni.