Mbwa Mwenye Makaratasi

Tangu lami ya Moyale ikamilike, Isiolo tumeona mengi. Juzi lilipita gari lenye kitanda na jiko, mbwa kakaa mbele, mkanda kafungwa. Ana kibali cha kuingia nchini, cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa na chipu chini ya ngozi. Vijana wetu waliosumbuliwa miaka nenda miaka rudi kwa ajili ya kitambulisho walimtazama kwa heshima.

Akapige kambi Buffalo Springs? Thubutu! Mbwa haruhusiwi hifadhini. (Mbuzi wakati wa ukame ni hadithi nyingine.) Hapo jirani, kwenye hifadhi ya Lewa, mbwa wanaingia: wameajiriwa kunusa nyayo za majangili. Wa likizo, pole, atafute kazi kwanza.